Besi Mdomo-Mpana na Maji Anayoyataka

Wakulima kadhaa wa skimu wamefika ofisini kuulizia habari za samaki mmoja ambaye wamemwona Naivasha, au wamesikia sifa zake kwa jamaa wanaofanya kazi katika mashamba ya maua huko. Kwa Kiingereza jina lake huandikwa bass. Katika ukurasa huu tutamwita besi, maana tukiandika "basi" msomaji atadhani twazungumza juu ya gari la kwenda Machakos. Swali lao ni hili: Je, yafaa mtu alete besi wachache katika debe, awatie katika silanga lake, apate kitoweo?

Jibu fupi ni kwamba katika malambo mengi ya huku hafai, na tena kumleta bila kibali ni kuvunja sheria. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu. Mkulima akiambiwa "hapana" bila sababu huondoka akifikiri kwamba ofisi imemnyima kitu kizuri, kisha hukileta usiku. Kwa hiyo nitaeleza samaki huyu ni nani, kwao ni wapi, na anataka maji ya namna gani. Baada ya hapo kila mtu ataweza kwenda kulitazama silanga lake na kujijibu mwenyewe.

KWAO NI WAPI

Besi mdomo-mpana ni samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Kwao ni Amerika ya Kaskazini, mashariki na katikati yake: kuanzia Maziwa Makuu yaliyo mpakani mwa Kanada na Marekani, kufuata bonde zima la mto Mississippi, mpaka Florida, na kuteremka hata kaskazini ya Meksiko. Nchi hiyo ni kubwa sana, na hali ya hewa yake si moja. Kule juu maziwa hufunikwa na barafu miezi kadhaa kila mwaka, na besi hukaa chini yake karibu bila kula. Kule Florida maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, na besi hukua upesi.

Hata hivyo, mtu akizunguka nchi hiyo yote atawakuta besi mahali pa namna moja. Hawapendi mito yenye maporomoko na maji ya kukimbia. Hapo hukaa binamu yake, besi mdomo-mdogo, apendaye mawe na maji ya baridi. Mdomo-mpana hupenda maji yaliyotulia: maziwa yasiyo na kina kirefu, vidimbwi vilivyoachwa pembeni na mto uliobadili njia, mabwawa yenye miti iliyoanguka majini, na mito mipana iendayo polepole. Hutaka maji yawe maangavu, na yawe na majani. Yungiyungi, matete, magugu yaotayo chini ya maji, mizizi ya miti na magogo ndiyo nyumba yake. Mahali palipo na maji matupu, pasipo na kitu cha kujificha nyuma yake, hakai kwa muda mrefu.

Mwili wake ni wa rangi ya kijani kibichi mgongoni na mweupe tumboni, na ubavuni ana mstari mweusi wenye madoa-madoa, unaoanzia karibu na kichwa ukafika mkiani. Pezi la mgongoni lina sehemu mbili, ya mbele yenye miiba na ya nyuma laini, na kati yake kuna pengo kubwa hata ni kama mapezi mawili. Lakini alama ya kumtambua bila shaka ni mdomo. Ukiufunga mdomo wake na kutazama pembe ya taya ya juu, utaona imepita nyuma ya jicho. Tilapia hana mdomo wa namna hiyo. Mbuta wa Ziwa Viktoria anafanana naye kidogo kwa umbo na kwa ulafi, lakini si wa ukoo mmoja.

Besi wa kawaida anayevuliwa ana uzito wa kilo moja au mbili, wengi hawafiki hapo. Mkubwa kuliko wote aliyeandikwa alivuliwa mwaka 1932 katika jimbo la Georgia huko Marekani na mtu aitwaye George Perry. Alikuwa na ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na zaidi. Rekodi hiyo ilikaa miaka 77 bila kufikiwa, mpaka mwaka 2009 Bwana Manabu Kurita alipovua mwingine wa uzito kama huo katika Ziwa Biwa, nchini Japani. Huko Japani pia besi ni mgeni aliyeletwa. Mtu asitazamie kupata samaki kama hao Naivasha, wala mahali pengine popote.

JINSI ANAVYOKULA

Besi hafukuzi chakula chake mbali. Hujificha katika kivuli cha majani, ametulia tuli, akitazama. Samaki mdogo au chura akipita karibu, besi huruka hatua moja na kufungua ule mdomo mpana ghafula, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo. Yote huisha kabla hujapepesa jicho. Ubavuni ana mstari wa kusikia mtikisiko wa maji, nao humsaidia kukiwa na giza kidogo, lakini kazi kubwa hufanywa na macho.

Hapo ndipo penye shina la habari yote, kwa hiyo namwomba msomaji apashike. Samaki awindaye kwa macho huishi vizuri pale anapoweza kuona. Katika maji ya tope, yaliyo kama chai ya maziwa, besi ni kama mwindaji aliyetumwa porini usiku bila mwezi. Huambulia kile kinachomgusa pua.

Watoto wake huanza kwa kula vidudu vidogo vielelavyo majini. Wakifika urefu wa kidole hula wadudu, viluwiluwi na samaki wadogo. Akiwa mkubwa hula samaki, vyura, kamba wa maji baridi, panya akianguka majini, hata kifaranga cha ndege. Hula pia watoto wa besi wenziwe, na hata wake mwenyewe hawaachi.

JINSI ANAVYOZAA

Maji yanapofika joto la digrii 16 hivi za Selsiasi au kupita kidogo, dume huchagua mahali penye changarawe, mchanga mgumu au mizizi, katika maji ya kina cha futi mbili au tatu, na kupasafisha kwa mkia mpaka pawe duara safi kama sahani. Jike huja na kutaga mayai maelfu kadhaa, kisha huenda zake. Dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mapezi yapate hewa, na humfukuza kila anayesogea, hata mtu akitia mguu atagongwa. Mayai huanguliwa baada ya siku chache kwa kadiri ya joto la maji, na watoto hutembea kwa kundi kama wingu dogo, baba yao akiwalinda kwa muda.

Sasa mfikirie dume huyu katika silanga ambalo mvua moja kubwa huleta tope la kilima kizima. Mayai yake yamelala chini, juu ya changarawe. Tope likitulia huyafunika kama blanketi, yakakosa hewa, yakafa. Mlinzi angalipo, lakini hana cha kulinda.

Tilapia wa mto wetu wa Athi amepewa namna nyingine. Dume huchimba kiota, lakini jike akishataga huyachukua mayai kinywani mwake na kukaa nayo humo mpaka yaanguliwe, na watoto wakitishwa hurudi kinywani. Tope likija, yeye huondoka na mizigo yake. Nilipokuwa mwalimu nilizoea kuwauliza watoto ni mama yupi kati ya hawa wawili aliye na akili zaidi. Wote walimchagua tilapia, ila mvulana mmoja aliyesema kwamba hana nafasi ya kula chakula. Alisema kweli: wakati huo hali.

HABARI ZA ZIWA NAIVASHA

Yafaa kila mkulima anayemtamani besi aijue habari ya Naivasha, maana huko jaribio lilikwisha kufanywa kabla babu zetu hawajauliza.

Ziwa Naivasha ni la maji yasiyo na chumvi, na katika Bonde la Ufa maziwa ya namna hiyo ni machache. Miaka mia na zaidi iliyopita lilikuwa na samaki wa aina moja tu, naye mdogo kiasi cha kutofaa kwa kitoweo. Mafunjo yalikuwa mengi kandokando, yungiyungi zilitanda majini, na maji yalikuwa maangavu. Mwaka 1925 aliletwa tilapia, wa jamii ile ile ya mto Athi niliyoitaja. Mwaka 1929 akaletwa besi kutoka Marekani. Hakuletwa kwa ajili ya kulisha watu; aliletwa ili Wazungu waliokaa huko wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana, maana besi akishikwa hupigana sana na kuruka juu ya maji. Aliletwa tena mwaka 1940, na tena mwaka 1951.

Mahali hapo palimfaa. Maji maangavu, majani, kivuli, joto lisilozidi, na tilapia wadogo wa kula. Palifanana na kwao. Mwaka 1956 wakaletwa tilapia wa aina nyingine, na mwaka 1959 ikaanza biashara ya uvuvi wa nyavu, besi akauzwa sokoni pamoja na tilapia. Mpaka hapo mtu aweza kusema kwamba jambo lilikuwa jema.

Lakini yule samaki mdogo wa asili, mwenye ziwa, alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Baada ya hapo hakuonekana tena humo. Alikuwa ameishi Naivasha zamani zote bila adui wa namna hiyo, hakujua kumkimbia. Wataalamu wengi huona kwamba besi ndiye aliyemmaliza. Tilapia wa Athi naye alitoweka kabla miaka ya 1970 haijasonga mbele, ingawa yeye alipotea zaidi kwa kuzaana na tilapia wageni mpaka ukoo wake ukachanganyika.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1970 aliingizwa kamba mwekundu wa Louisiana, huko huko Marekani. Besi alifurahi, kwa maana kamba ni chakula chake cha kwao, na kwa miaka mingi waliopasua matumbo ya besi wakubwa wa Naivasha waliyakuta yamejaa kamba. Ila kamba naye hula majani ya majini, na majani yalipungua sana, maficho ya besi yakaenda nayo. Mashamba yaliyolimwa kando ya ziwa na kando ya mito iingiayo humo yakaleta udongo. Mwishowe, karibu na mwaka 2001, akaonekana samaki kapu, ambaye kazi yake mchana kutwa ni kuchimbua matope ya chini kama nguruwe. Maji yakazidi kuchafuka. Katika miaka michache kapu akawa sehemu kubwa kabisa ya samaki waliovuliwa Naivasha, na besi akapungua mpaka akawa kidogo tu katika mizani.

Tazama basi. Besi hakushindwa na nyavu peke yake. Maji yaliacha kuwa maji yake.

Naivasha si peke yake. Huko Guatemala, Amerika ya Kati, besi alitiwa katika Ziwa Atitlán mwaka 1958, pia kwa ajili ya mchezo. Kulikuwa na ndege wa majini asiyeweza kuruka, ambaye hakuishi mahali pengine popote duniani ila ziwani humo. Besi walimaliza samaki na kaa alioishi kwao, wakameza na vifaranga vyake. Yalikuwapo na mabaya mengine, kama kukatwa kwa matete, lakini ilipofika mwaka 1990 ndege huyo hakuwapo tena. Ndiyo sababu besi ameandikwa katika orodha ya viumbe 100 waletwao waliofanya uharibifu mkubwa duniani, mbuta naye yumo.

KWA NINI BASI WATU WALIMTIA MALAMBONI?

Swali hili ni la haki, kwa sababu besi hakutiwa Naivasha tu. Katika nyanda za juu wenye mashamba makubwa walimtia katika malambo yao, na baadhi ya mashamba hayo ndiyo yaliyogawanywa kuwa skimu tangu mwaka 1962. Kwa hiyo yuko mkulima aliyepewa eka zake pamoja na besi bila kujua.

Sababu ni tilapia. Kila aliyewahi kufuga tilapia anaijua taabu yake: huzaa mno. Unatia vifaranga mia mbili, unangoja, na mwaka ukiisha unavuta wavu wenye samaki elfu mbili, kila mmoja sawa na kiganja cha mtoto. Chakula ni kile kile, walaji wameongezeka, hakuna anayekua. Mtu hufikiri samaki wake ni wa mbegu mbaya, kumbe ni msongamano.

Huko Alabama, Marekani, alikuwako mtaalamu aitwaye Homer Swingle, aliyeanza katika miaka ya 1930 kuchunguza mabwawa ya wakulima. Samaki wao mdogo aitwaye blugili ana tabia hiyo hiyo ya kuzaa kupita kiasi. Swingle alionyesha kwamba bwawa likitiwa blugili 1,000 na besi 100 kwa kila eka, besi hula watoto waliozidi, blugili waliobaki hunenepa, na mkulima huvua wote wawili. Mashauri hayo yalienea kote Marekani, kisha watu wakayachukua mpaka Afrika, wakiweka tilapia mahali pa blugili.

Hesabu yake ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa hesabu ya maji yanayoonekana ndani. Mwaka 1956 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Oklahoma juu ya mabwawa ya namna tatu: maangavu, ya tope kidogo, na ya tope jingi. Ndani walitiwa besi na jamaa za blugili. Katika mabwawa maangavu uzito wa samaki wote ulikuwa kama mara tano na nusu ya ule wa mabwawa ya tope jingi. Nani asiyeona hasara hiyo? Kazi ya kuchimba ni ile ile, vifaranga ni wale wale, tofauti ni udongo uliomo majini.

SILANGA LAKO LINA MAJI GANI?

Malambo ya Ukambani yana historia yake. Baada ya mwaka 1945 ilianzishwa bodi ya ardhi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la ALDEV, na kwa fedha zake malambo mengi yalijengwa, na skimu ya Makueni ikafunguliwa katika pori lililokuwa la mbung'o. Yalijengwa kwa ajili ya ng'ombe na matumizi ya nyumbani, wala hakuna aliyefikiria samaki. Mengi yamejaa udongo nusu yake. Ya karibu zaidi, yaliyochimbwa kwa mikono au kwa trekta katika mashamba ya watu, ni madogo, na ng'ombe huingia humo mpaka tumboni.

Jaribu mambo mawili. Asubuhi, kabla ng'ombe hawajafika, tumbukiza mkono wako majini mpaka kiwiko, kiganja kikitazama juu. Kama vidole havionekani, besi naye hataona tilapia. Kisha jaza chupa nyeupe maji hayo, uiweke mezani mpaka kesho yake. Kama udongo umeshuka chini na maji ya juu yametakata, basi tatizo ni mmomonyoko: udongo wa shamba lako, au wa jirani wa juu, unateremka. Kama maji yamebaki ya kijani, hiyo si tope. Ni uoto mdogo mno wa majini, nao ni chakula kizuri cha tilapia. Maji ya kijani hayamfai sana besi, lakini mkulima wa tilapia ashukuru akiyapata. Kama maji yamebaki ya rangi ya kahawia hata baada ya siku mbili, ni udongo mwembamba wa mfinyanzi usiotulia upesi, na huo ndio mbaya kuliko wote.

Huku Nunguni twajua dawa ya udongo, wala haihitaji samaki wa Marekani. Vilima vya Kilungu vina mteremko mkali, na wazee wakumbuka hadithi walizopewa za miaka ya 1930, Ukambani ulipokuwa na makorongo mekundu kila upande. Kilichobadilisha hali hiyo ni matuta: fanya juu, yenye udongo kutupwa upande wa juu wa mtaro, na nyasi kupandwa ukingoni. Mwenye silanga ambaye matuta ya juu yake yamebomoka anapoteza mara mbili, shambani na majini. Na mbele ya mahali maji yaingiapo silangani aache ukanda wa nyasi ndefu usiolimwa, hatua kumi na tano au ishirini, na ng'ombe wanywe kwenye birika lililo chini ya ukuta badala ya kuogelea. Mwenye lambo la mchanga mtoni asihangaike na ukurasa huu. Maji yake yamo ndani ya mchanga, yanafaa sana kwa kunywa, lakini samaki hawezi kukaa humo.

SHERIA, NA MAJI YATOKAYO

Sasa mtu atasema: silanga langu ni angavu, lina yungiyungi, naona vidole vyangu hata futi tatu chini. Je, mimi nilete besi?

Jambo la kwanza ni kwamba Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 haimruhusu mtu kuingiza katika maji ya nchi hii samaki wasio wa asili yake bila kibali cha maandishi. Aliyekamatwa na debe la besi wa Naivasha njiani hatasaidiwa na kusema kwamba hakujua. Na wengi wao watakuwa wamekufa kabla ya kufika, kwa maana besi hutaka hewa nyingi katika maji. Si kama kambare, anayeweza kuvuta hewa ya juu.

La pili ni njia ya maji ya ziada. Silanga lolote likijaa wakati wa mvua hufurika. Maji ya vilima vyetu huteremka mabondeni mpaka yakaingia Athi, na Athi hufika bahari karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani humo wamo tilapia wetu wa asili, kambare, mikunga, na samaki wadogo wengi ambao watoto huwavua kwa ndoana za pini. Besi mmoja wa kike aliyepita katika mfereji hatamaliza mto, lakini mahali ambapo mto umetulia na kuwa vidimbwi wakati wa kiangazi, samaki wadogo husongamana bila mahali pa kukimbilia. Yale ya Naivasha yaweza kutokea katika kidimbwi kimoja kimoja, na asiyekuwa na silanga wala hakuombwa shauri ndiye atakayekosa samaki wake wa bure.

UFANYE NINI BASI

Anayetaka kuzuia tilapia wasizidi anazo njia mbili zilizo salama. Ya kwanza ni kununua vifaranga madume peke yao. Vituo vya kuzalisha samaki huwauza, na kituo cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948, kimefanya kazi ya vifaranga muda mrefu kuliko vingi. Dume hukua upesi kuliko jike, na pasipo jike hakuna watoto. Hakikisha umehesabiwa vizuri, maana majike watatu tu wakichanganyika, msongamano utarudi.

Ya pili ni kambare, aliye wa asili ya Athi. Yeye pia hula samaki wadogo, lakini hawindi kwa macho. Ana ndevu nane kinywani za kupapasa na kuonja, hutembea usiku, na tope si kitu kwake. Kazi ile ile ambayo Wamarekani walimpa besi katika maji maangavu, kambare aweza kuifanya katika maji yetu kama yalivyo. Tia tilapia kwanza, waache wakue mpaka wapite urefu wa kidole, ndipo utie kambare wachache walio wadogo kuliko tilapia hao. Ukianza na kambare wakubwa utawalisha vifaranga ulivyonunua kwa fedha yako. Mahali pa juu kama Nunguni, penye baridi, tilapia hukawia kukua kuliko kule chini Wote au Kibwezi. Mtu asivunjike moyo akiona jirani wa tambarare amevua kabla yake.

Kwa mkulima aliyekwisha kukuta besi katika lambo la zamani, hana haja ya kuogopa. Asiwachukue hai kumpa rafiki, hata kama ni wawili tu. Awavue awale. Ndoana yenye samaki mdogo au chura, itupwe karibu na majani saa ya jua kuchwa, ndiyo impatayo upesi, na mshipi uwe imara. Nyama yake ni nyeupe, ngumu kidogo, na miba yake ni mikubwa inayoonekana, hivyo hata mtoto aweza kupewa. Magamba yaondolewe na tumbo lisafishwe siku ile ile. Anayeshuku kama samaki aliyemvua ni besi, atazame taya na jicho kama nilivyoeleza. Akiwa bado ana shaka, amwonyeshe Ofisa wa Samaki kabla hajamtia chumvi.